Kabla ya kuuliza dawa, uliza imeshika wapi

Alikuja saa mbili usiku, mvua imeshajaza mitaro ya Umoja, kofia ya jaketi imemfika hadi kwenye nyusi. "Daktari, nipe dawa ya korona." Ya nani? "Ya shosho." Imemshika wapi? Akanitazama kama niliyemuuliza bei ya hewa. "Si korona ni korona tu?"

Mimi ni mfamasia, ila ukikaa nyuma ya kaunta ya dawa Nairobi miaka kumi na sita utaitwa daktari upende usipende. Swali la kijana yule nimelisikia tangu ile Ijumaa ya tarehe 13 Machi 2020, Waziri Mutahi Kagwe alipotangaza mgonjwa wa kwanza nchini. Watu wanataka dawa ya korona kama wanavyotaka dawa ya mende: ya kopo moja, unapuliza, basi. Haiko. Kirusi ni kimoja, lakini mtu huyu kinamkaba mapafu, yule kinamgandisha damu, wa tatu kinamvuruga tumbo siku tatu kisha kinaondoka zake. Dawa inayomwokoa wa kwanza inaweza kumdhuru wa tatu. Hata kiungo ambacho kirusi hakijakigusa kina usemi, maana dawa nyingi hupitia kwenye ini ama kutokea kwenye figo.

Kwa hiyo huwa nachukua bahasha ya kaki, ile ndogo ya kutilia vidonge, naigeuza nyuma na kuchora mtu: kichwa, kifua, moyo, ini, figo mbili, tumbo. Kando ya kila kiungo naandika namba au neno moja. Hapa nakuonyesha jinsi ya kuijaza nyumbani, kabla hujafika kwa daktari mwenye kuandika dawa. Bahasha haitakupa dawa. Kazi yake ni kuzuia upewe isiyo yako.

Funzo la figo za tumbili

Wanaodhani nasumbua bure huwa nawasimulia habari ya haidroksiklorokwini, ndugu wa klorokwini, ile dawa ya zamani ya malaria. Mwaka 2020 dunia nzima iliitaka. Hapa kwangu waliitafuta hata watu ambao hawajawahi kumeza kidonge bila kusukumwa. Chanzo kimoja cha shauku ile kilikuwa maabara: ukiweka klorokwini kwenye chembe zinazoitwa Vero, kirusi kinashindwa kuingia. Matokeo yenyewe yalikuwa ya kweli. Tatizo ni kwamba chembe za Vero zimetokana na figo za tumbili.

Kirusi hiki hushika mlango uitwao ACE2, ambao uko kwenye mapafu, moyo, figo, matumbo na mishipa ya damu. Lakini kushika mlango si kuingia. Lazima miiba yake ikatwe kwanza na mkasi wa mwili wenyewe. Kwenye figo za yule tumbili, chembe humeza kirusi kizima ndani ya kifuko chenye asidi, na mkasi wa humo hufanya kazi palipo na asidi. Klorokwini hupunguza asidi, mkasi unagoma, kirusi kinakwama. Kwenye mapafu ya binadamu kuna mkasi mwingine, TMPRSS2, ambao uko juu kabisa, pale mlangoni. Kirusi hukatwa hapo hapo na kupenya bila kupita kwenye kifuko, na klorokwini inabaki inalinda mlango ambao hakuna anayeupitia. Watafiti wa Ujerumani walilichapisha hilo katika jarida la Nature Julai 2020, mwezi mmoja baada ya jaribio kubwa la Uingereza, RECOVERY, kuona kwamba wagonjwa hospitalini hawakufaidika nayo.

Hiyo ni chembe dhidi ya chembe ndani ya sahani ya maabara. Mtu mzima, mwenye kisukari, presha na vidonge vya mgongo, ana mambo zaidi.

Kwanza tarehe

Juu kabisa ya bahasha, kabla ya kichwa, andika siku dalili ya kwanza ilipoanza. Siku ya kupimwa haitusaidii hapa, wala siku ulipoamua kukubali kwamba unaumwa. Ni ile jioni koo lilipoanza kukereketa.

Siku za mwanzo kirusi ndicho kinachozaana, kwa hiyo dawa za kupiga kirusi zina maana wakati huo. Paxlovid inatakiwa ianzwe ndani ya siku 5. Remdesiviri ya dripu ya siku tatu, kwa mgonjwa ambaye hajazidiwa lakini yuko hatarini, ndani ya siku 7. Wiki ya pili, kwa wale wanaozidiwa, mara nyingi ni mwili wenyewe unaojichoma kwa hasira, na hapo ndipo dawa za kutuliza uvimbe hupata kazi. Mtu akiniambia "kama wiki hivi" simkubalii. Namwuliza: ilikuwa kabla ya kanisa au baada? Siku hiyo ulikula nini? Tarehe inapatikana.

Kifua, na kosa langu

Kando ya kifua andika namba ya oksijeni. Kile kifaa cha kubana kidole watu hukitumia ovyo. Mgonjwa akae, apumzike dakika tano. Mikono iwe na joto. Baridi ya Julai ya hapa inaweza kukupa namba za uongo. Rangi ya kucha itolewe, na wenzangu wa Pwani, kidole chenye hina nyeusi ya arusi kiacheni, tafuteni kingine. Usisome namba ya kwanza inayojitokeza. Subiri itulie nusu dakika, ndipo uandike, pamoja na saa.

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mtu mzima kusoma 95 si ajabu. Jambo la kutazama ni kushuka: jana 96, leo asubuhi 93, jioni 91. Ikishuka chini ya 94 zungumza na daktari siku hiyo hiyo. Ikifika 90 au chini, hakuna cha kungoja kukuche. Kuna jambo lingine ambalo ningependa libandikwe kwenye kila kifaa kinachouzwa mjini: kwenye ngozi nyeusi mashine hii hudanganya zaidi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa Desemba 2020 ulionyesha kwamba kati ya wagonjwa weusi ambao mashine iliwasomea 92 hadi 96, karibu 12 katika kila 100 damu yao yenyewe ilikuwa chini ya 88. Kwa weupe walikuwa karibu 4. Kwa hiyo namba ikisema 93 na mama yako hawezi kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, amini pumzi ya mama yako.

Sasa kosa langu. Julai 2021, wimbi la Delta, mjomba wangu wa Donholm alinipigia simu. Homa, ladha imepotea, oksijeni 96. Ana miaka 61 na kisukari cha muda mrefu. Wakati ule kila mtu alikuwa na furushi lake la dawa za korona: azithromaisini, zinki, vitamini, ivermektini, na deksamethasoni, mojawapo ya zile za kutuliza uvimbe. Nami nikamfungia furushi. Niliweka deksamethasoni miligramu 6 kwa siku, "isije ikamshukia ghafla". Siku ya tatu shangazi akaniambia mzee anakunywa maji kama ngamia na anaamka kukojoa kila saa. Sukari ilisoma 27. Tulimkimbiza hospitali, si kwa korona, kwa dawa niliyompa mimi.

Na sikuwa na kisingizio, maana majibu yalikuwa yameshatoka Juni 2020. Kwenye RECOVERY, kati ya wagonjwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, waliokufa bila deksamethasoni walikuwa 41 katika 100, waliopewa, 29. Kwa waliokuwa wakivuta oksijeni tu, 26 dhidi ya 23. Kwa wale ambao hawakuhitaji oksijeni hapakuwa na faida yoyote. Waliokufa walikuwa 14 bila dawa na 18 kwa dawa, tofauti ambayo huenda ni bahati tu, lakini si ya kumfanya mtu aikimbilie. Dawa ile ile, kirusi kile kile. Hali ya mapafu ndiyo iliyoamua. Mapafu ya mjomba hayakuwa yameiomba.

Mgonjwa akifika kwenye oksijeni, basi deksamethasoni ni haki yake, miligramu 6 kwa siku, siku zisizozidi 10. Wakati huo kwenye bahasha pawe na mambo matatu: kama ana kisukari, kama amewahi kuugua kifua kikuu, na kama amelima au kutembea pekupeku mashambani. La tatu huwachekesha watu. Kuna mnyoo uitwao strongiloidi unaoingia kwa nyayo na kukaa tumboni miaka mingi kimya. Ukimpa mwenye nao steroidi kama deksamethasoni, mnyoo unaweza kufumuka mwili mzima. Dawa yake ni ivermektini. Naam, ile ile iliyoshindwa kutibu korona kwenye majaribio makubwa ina kazi yake ya halali hapa, ya kuua mnyoo.

Nyumbani, wakati mnangoja gari, mlaze kifudifudi kama anaweza. Mto mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya nyonga. Wengi namba hupanda pointi kadhaa. Hiyo haibadilishi safari.

Figo

Hiki ndicho kiungo ninachogombania zaidi, kwa sababu hakilii. Kando ya figo andika namba ya mwisho ya kreatinini, taka ya kwenye damu ambayo figo huitoa, na tarehe yake. Kama mgonjwa ana presha au kisukari, iko kwenye kadi ya kliniki, kwa kawaida mstari wa chini ambao hakuna anayeusoma.

Kwa nini? Tazama Paxlovid. Kila dozi ina vidonge viwili vya waridi na kimoja cheupe, asubuhi na jioni, kwa siku 5. Vya waridi ndivyo vinavyopiga kirusi; cheupe, ritonaviri, kinaizuia ini isivivunje haraka. Figo zikiwa na nguvu ya kati, yaani kipimo cha kuchuja, kinachokokotolewa kutokana na kreatinini, kikiwa kati ya 30 na 60, cha waridi kinakuwa kimoja badala ya viwili. Chini ya 30 ni hesabu nyingine, ya daktari mwenyewe. Mtu aliyepata kifurushi kutoka kwa jamaa wa ng'ambo akameza kama jirani yake alivyomeza, anaweza kuwa anajipa mara mbili ya haki yake. Baricitinibu, inayotumika kwa waliozidiwa hospitalini, nayo hupunguzwa kwa namba hiyo hiyo. Sindano ya enoksaparini, ya kuzuia damu kuganda, vilevile.

Halafu kuna tunazojipa wenyewe. Mtu ana homa, hajala, ameharisha, mwili umekauka, anakuja kuniomba diklofenaki ya mgongo au ibuprofeni ya kichwa. Figo iliyokosa maji ukiipa dawa hizo umeikanyaga shingoni. Parasetamoli na maji, kwanza. Anayetumia metformini ya kisukari aulize kliniki yake kama aisimamishe kwa muda ikiwa anatapika, hali wala hanywi, au oksijeni inashuka. Hili ni la kupiga simu, si la kujiamulia.

Moyo na damu

Dawa za presha usiziache. Mwaka 2020 palizuka hofu kwamba zile za jamii ya enalaprili na losartani zinafungua mlango wa ACE2, na nina wateja waliozitupa chooni. Jaribio lililofanywa Brazili kwa wagonjwa waliolazwa halikuona faida yoyote ya kuzisimamisha.

Kando ya moyo andika: je, amewahi kuambiwa moyo unapiga ovyo? Anameza dawa gani ya moyo? Azithromaisini na haidroksiklorokwini zote mbili zinaweza kuchelewesha umeme wa moyo, na mafurushi ya mwaka 2020 yalikuwa yakizibeba pamoja, kwa ugonjwa ambao hakuna hata moja kati yake inayoutibu. Azithromaisini ina kazi pale daktari anapoona bakteria. Vinginevyo unanunua hatari kwa pesa zako.

Damu kuganda ni habari ya kweli. Ndiyo maana waliolazwa huchomwa heparini au enoksaparini. Lakini watu wakaigeuza kuwa aspirini ya nyumbani. RECOVERY ilijaribu aspirini kwa waliolazwa na haikupunguza vifo. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikichoma ghafla unapovuta pumzi, hiyo ni safari ya hospitali usiku huo huo.

Yaliyobaki kwa haraka

Ini: andika kama ana homa ya ini au ni mnywaji. Parasetamoli kwa mtu mzima isizidi gramu 4 kwa siku, na kwa ini bovu wengi wetu husimama kwenye 2. Ubaya ni kwamba imejificha kwenye dawa nyingi za mafua, kwa hiyo mtu anakunywa mara tatu bila kujua. Soma maandishi madogo nyuma ya pakiti. Ini lililochoka kabisa halipewi Paxlovid.

Tumbo: chumvi na sukari ya pakiti ya kuongeza maji, na uvumilivu.

Kichwa: mzee akianza kuita watu waliokufa au kukosea njia ya choo, msiseme ni uzee, na msimtafute mtu wa kijiji aliyemroga. Pima oksijeni, kisha sukari. Na tafadhali msimpe kidonge cha usingizi ili nyumba itulie.

Mjamzito: liandikwe kwa herufi kubwa. Molnupiraviri, dawa nyingine ya kupiga kirusi, si yake.

Mwaga mfuko

Ukimaliza kuchora, chukua kila dawa iliyo nyumbani kwa jina la mgonjwa, hata ya mitishamba, utie kwenye mfuko mmoja uje nao. Usiniambie majina, utayakosea. "Kile cheupe cha mviringo" ni nusu ya duka langu.

Sababu ni ile ritonaviri. Inapoifunga ini, dawa nyingine hurundikana kwenye damu. Simvastatini ya kolesteroli husimamishwa kabla ya kuanza. Amlodipini inaweza kuishusha presha kuliko kawaida. Aliyepandikizwa figo na anatumia takrolimasi asiguse kabla ya kuongea na daktari wake. Upande wa pili, kuna dawa zinazoichochea ini hadi Paxlovid inayeyuka kabla ya kufanya kazi: karbamazepini na fenitoini za kifafa, na rifampisini ya kifua kikuu. Hizo haziendi pamoja kabisa, na kuacha rifampisini leo hakusaidii, maana athari yake hubaki siku nyingi. Kwa mtu wa namna hiyo daktari hutazama njia nyingine. Wanaotumia ARV za kawaida za hapa zenye dolutegraviri wasiwe na hofu, hizo haziletani ugomvi na Paxlovid. Chuo Kikuu cha Liverpool kina ukurasa wa bure wa kulinganisha dawa moja baada ya nyingine, nami huufungua kwenye simu hapa kaunta, mteja akiona.

Basi, yule kijana. Nilimpa kifaa cha kidole, nikamwambia akampime shosho na arudi na mfuko. Alirudi baada ya robo saa, amelowa, mfuko wa plastiki ameubana kwapani. Tuliumwaga juu ya kioo. Pakiti tatu za mafua, zote zina parasetamoli. Amlodipini. Kichupa cha majani yaliyochemshwa, kizibo cha gazeti. Na chini kabisa, karatasi ya vidonge vyekundu vilivyobaki nusu.

"Hivi ni vya nini?"

"Sijui. Huwa anavificha kwenye kabati ya vyombo."

"Mkojo wake ni rangi gani?"

Akaona haya kidogo. "Wa machungwa. Tulidhani ni homa."

Shosho alikuwa mwezi wa tatu wa dawa za kifua kikuu na hakuna aliyeambiwa. Niliandika rifampisini kifuani pa mchoro, nikapiga mstari mara mbili. Kisha nikamwuliza namba. Alikuwa ameiandika kwa kalamu kwenye kiganja, mvua imeifuta nusu: 8, na kitu kinachofanana na 7 au 9.

"Dawa je?" akauliza, mkono tayari mfukoni.

Nilimpa bahasha, nikampigia simu jirani yangu mwenye teksi.

"Mpe atakayempokea hiyo kabla hajaandika chochote. Na mfuko. Usiuache kwenye gari."